Kamera kwenye 3D: kwa nini nyumba ileile kila ukigeuza inaonekana nyingine

Wadau wa ramani na 3D, hasa nyie wa huku Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe mnaochora nyumba kwa Blender au SketchUp, leo tukae kwenye kitu kimoja tu, mtazamo wa kamera. Nimeona vijana wengi wana mkono mzuri kabisa, modeli imekaa sawa, tofali zimepangwa, dirisha lina fremu mpaka kitasa, alafu ikifika kwenye kutoa picha nyumba imevimba upande mmoja, kuta zinalalia nyuma, bati halionekani, au sebule ya mita tatu na nusu imegeuka kama ukumbi wa harusi. Modeli haina kosa lolote. Shida ni kwamba kwenye kamera kuna mambo matatu na watu wanayagusa yote kwa pamoja bila kujua lipi limefanya nini: kamera imesimama wapi, picha inachorwa kwa kanuni gani, na lenzi ina upana kiasi gani. Hayo matatu ukiyatenganisha kichwani kazi inakuwa nyepesi sana, na mteja wako anapata picha ambayo akienda site haimshangazi.

Ila kabla ya hayo kuna kitu kinawachanganya watu tangu siku ya kwanza. Kwenye Blender kuna mitazamo miwili inayokaa pamoja, ule wa dirisha la kazi, yaani pale unapozungusha modeli kwa mausi ukiwa unajenga, na ule wa kamera yenyewe, ambayo ni kitu ndani ya faili sawa na meza au mlango, ina mahali pake, ina mzunguko wake, unaweza kuishika ukaisogeza na unaweza hata kuifuta. Ukibonyeza F12 picha inatoka kwenye kamera, dirisha la kazi halihusiki kabisa. Ndo maana mtu anatafuta pozi zuri, anabonyeza F12, inatoka kona ya ukuta na nusu ya tenki la maji, anaanza kulaumu laptopu. Ukitaka kuingia kwenye kamera bonyeza 0 kwenye zile namba za pembeni za kibodi, na ukitaka kamera ije pale unapotazamia wewe shika Ctrl na Alt alafu hiyo 0. Laptopu ndogo nyingi hazina hizo namba za pembeni, kwa hiyo ingia Edit, Preferences, Input, weka tiki kwenye Emulate Numpad, zile namba za juu zitafanya kazi hiyohiyo.

Sasa hapo kuna jambo ambalo halisemwi sana. Ukishaileta kamera kwa njia hiyo utaona nyumba imekuja karibu na pembeni pamekatika, ulikuwa unaona geti na mti wa parachichi, sasa huoni. Watu wanadhani wamekosea kubonyeza. Kilichopo ni kwamba dirisha la kazi nalo lina lenzi yake, imeandikwa 50 na ya kamera pia inakuja imeandikwa 50, lakini 50 ya dirisha inaonyesha eneo pana karibu mara mbili ya 50 ya kamera. Kwa hiyo usishangae, rudisha kamera nyuma au punguza milimita zake.

Kingine, ukiwa ndani ya kamera ukiskroli utaona fremu inakuwa kubwa na ndogo, ila kamera haijasogea hata sentimita, umeisogelea tu fremu kwenye skrini. Ukitaka mausi isogeze kamera yenyewe bonyeza N, nenda tabo ya View, tiki Lock Camera to View. Ukishapata pozi toa hiyo tiki palepale, maana ukiiacha, ukizungusha kidogo tu kukagua kitu cha nyuma pozi lote limeondoka. Na ile hali ya dirisha la kazi kugoma, unaskroli lakini husogei mbele, hiyo inatokana na dirisha kuzunguka na kusogea kwa kufuata nukta moja ya katikati na wewe umeshaifikia, chagua kitu unachotaka kukiona, bonyeza ile nukta ya kwenye namba za pembeni, utapelekwa pale na skrolo itarudi kuwa nzima.

SketchUp iko tofauti, yenyewe haina kamera ya kushika, kamera ni hicho unachokiona kwenye skrini basi, ukitaka kulikumbuka pozi unalihifadhi kama Scene, linakaa juu kama tabo na ukilibonyeza linakurudisha palepale pamoja na lenzi uliyokuwa nayo. Kwa anayeanza ni rahisi zaidi.

Tuje kwenye kanuni ya kuchora picha, na hapa naomba mtu asiruke maana mengine yote yanatoka hapa. Kamera ya kompyuta ni hesabu moja fupi: chukua ukubwa wa kitu, zidisha kwa milimita za lenzi, gawa kwa umbali wa kitu kutoka kwenye kamera. Mlango wa mita 2.1 ukiwa mita 10 mbele ya lenzi ya 50 unachukua milimita 10.5 kwenye bamba la picha, yaani ile sehemu ya kamera inayopokea picha, ambalo upana wake ni milimita 36. Usogeze mlango mpaka mita 20, unabaki milimita 5.25. Vitu vya mbali vinakuwa vidogo kwa sababu ya huko kugawa kwa umbali, na kingo mbili za barabara zinakutana mbele kwa sababu hiyohiyo. Hiyo ndo pespektivu yote. Othografiki ni hesabu hiyo ukiondoa kugawa, yaani umbali hauhesabiwi kabisa, mlango wa mbele na mlango wa uani unatoka na urefu mmoja, mistari inayokwenda sambamba inabaki sambamba.

Ukishika hilo utaelewa vituko vingi. Mtu yuko kwenye kamera ya othografiki, anaisogeza mbele, mbele, mbele, nyumba haikui, anaona programu imeganda. Haijaganda, umbali haumo kwenye hesabu, anachotakiwa kugusa ni ile namba ya Orthographic Scale. Na hiyo namba ni tamu sana kwa mtu wa ramani kwa sababu ni mita halisi, inakwambia upande mrefu wa picha umebeba mita ngapi. Karatasi ya A4 iliyolazwa ina upana wa milimita 297, kwa hiyo ukiweka picha iwe na uwiano wa 297 kwa 210 na Orthographic Scale iwe 29.7, ukiprinti bila kubana pembeni umepata mchoro wa 1:100. Ukitaka 1:50 weka 14.85. Fundi anaweka rula yake, anasoma sentimita, anajenga. Picha ya pespektivu haiwezi kukupa hicho hata uiprinti kwenye karatasi ghali kiasi gani, kwa sababu kila kitu kimegawanywa kwa umbali wake na rula haijui umbali.

Kwenye dirisha la kazi la Blender unabadilisha kati ya hizo mbili kwa 5 ya pembeni, alafu 1 ni mbele, 3 ni kulia, 7 ni juu, na ukishika Ctrl unapata upande wa pili, yaani nyuma, kushoto na chini. Ukibonyeza 1 inaingia yenyewe kwenye othografiki na ukizungusha kidogo tu inarudi pespektivu, hiyo ni tabia iliyowekwa makusudi, usihangaike nayo. Kwenye SketchUp ingia menyu ya Camera, utakuta Parallel Projection na Perspective, na hapo naomba msisitizo: SketchUp ukibonyeza mwonekano wa mbele ukiwa bado kwenye Perspective utapata mbele ya kipespektivu, inadanganya macho, inafanana na elevesheni, yaani mchoro wa upande wa nyumba wenye vipimo sahihi, lakini si elevesheni, ukuta uliorudi nyuma umeshapungua kimo. Nimeziona picha za hivyo zimewekwa vipimo na kupelekwa kwa fundi, na fundi wa watu anafuata alichopewa.

Kuna othografiki nyingine ambayo mafundi seremala wa Mafinga na Makambako ingewasaidia sana kwenye makabati ya jiko, ile ya isometriki. William Farish alikuwa profesa Cambridge, Uingereza, alikuwa anafundisha kwa mashine ndogo anazoziunga na kuzifungua kila kipindi, sasa wasaidizi wake walihitaji michoro ya kuwaonyesha kipande gani kinakaa wapi, mwaka 1822 akaandika kanuni zake. Kamera inakaa kwenye kona kiasi kwamba urefu, upana na kimo vyote vinapungua kwa kiwango kimoja, vinabaki asilimia 82 hivi ya kipimo chake. Kwenye Blender iweke kamera othografiki, mzunguko wa X uwe 54.736 na wa Z uwe 45, imekaa. Ubao wa sentimita 60 uliosimama na ubao wa sentimita 60 uliolala vinatoka sawasawa kwenye karatasi, na fundi anaona kabati zima kwa mara moja, droo, mgongo, miguu, bila kuchanganya picha tatu kichwani.

Haya, lenzi. Huku ndo kuna uongo mwingi zaidi, wa bahati mbaya na wa makusudi. Watu wanaamini lenzi pana inavuruga nyumba na lenzi ndefu inainyoosha. Rudi kwenye ile hesabu uiangalie tena, milimita za lenzi zinazidisha kila kitu kwenye picha kwa namba ileile, nguzo ya mbele na nguzo ya nyuma zote zinakuzwa sawa. Kwa hiyo lenzi haiwezi kubadilisha uwiano kati ya vitu viwili, kinachobadilisha ni kile cha kugawia, umbali, yaani pale ulipoisimamisha kamera. Nguzo mbili za baraza, ya kwanza iko mita 3 mbele yako na ya pili mita 6, ya pili itaonekana nusu ya ya kwanza hata uweke lenzi ya aina gani. Rudi nyuma mita 9, sasa ziko mita 12 na 15, ya pili ni asilimia 80 ya ya kwanza, nyumba imetulia. Lenzi kazi yake ni kuamua kipande gani cha huo mwonekano kinaingia kwenye picha. Lenzi pana imepata jina baya kwa sababu inakuruhusu usogee karibu mno, na huko karibu ndo kunakovimbisha nyumba.

Mfano wa hapahapa Mbeya, nyumba iko Forest au Soweto na kwa nyuma unataka mlima Loleza uonekane. Simamisha kamera mita 10 kutoka kwenye nyumba, lenzi ya 24. Alafu isimamishe ya pili mita 50 kutoka kwenye nyumba, lenzi ya 120. Ukuta wa mbele wa nyumba utatoka ukubwa uleule kwenye picha zote mbili kwa sababu umbali umezidishwa mara tano na lenzi imezidishwa mara tano. Mlima je? Ukiwa kilometa 4 huko nyuma, mita 40 ulizorudi hazina maana yoyote kwake, umbali wake ni uleule karibu, lakini lenzi imemkuza mara tano. Kwenye picha ya kwanza Loleza ni kijikilima juu ya mabati, kwenye ya pili umesimama kama ukuta nyuma ya nyumba nzima. Modeli moja, mlima mmoja. Jaribu leo hiihii, inachukua dakika chache, na ukiona kwa macho yako hutakaa usahau.

Swali linalofuata ni nirudi nyuma kiasi gani. Kwa kamera ya Blender yenye bamba la milimita 36 chukua upana unaotaka kuuona, zidisha kwa milimita za lenzi, gawa kwa 36. Nyumba yenye mbele ya mita 14 kwa lenzi ya 35 unahitaji karibu mita 13.6, kwa lenzi ya 50 mita 19.4. Hiyo ni picha iliyolala. Ukiweka picha iliyosimama, maana wateja wengi wanaangalia kwenye WhatsApp simu ikiwa wima, zile 36 zinahamia kwenye kimo cha picha, upana unabaki 20.25 kama picha yako ni 1080 kwa 1920, kwa hiyo nyumba hiyohiyo kwa lenzi ya 35 inahitaji mita 24. Ndo sababu ukigeuza tu vipimo vya picha kutoka kulala kwenda kusimama nyumba inakatwa pande zote mbili na hukugusa kamera. SketchUp yenyewe inahesabu kwa digrii, inakuja na 35, ukishika kifaa cha Zoom ukaandika 60deg au 35mm alafu Enter inakubali vyote viwili.

Sebule sasa. Tuseme ina upana wa mita 3.5 na kina cha mita 4. Ukisimama mlangoni na lenzi ya 16, ukuta wa mbele yako unachukua asilimia 39 tu ya upana wa picha, kwa hiyo jicho linauona uko mbali, chumba kinaonekana kirefu sana, na sofa iliyo kwenye ukingo wa picha inavutika mpaka ionekane ya watu watano. Mteja anapenda, anasifia, anatoa hela. Nyumba ikishapauliwa anaingia ndani anakuuliza, kijana, mbona sebule siyo ile? Na ana haki ya kuuliza. Mimi kwenye vyumba siendi chini ya 24. Kama nafasi haitoshi kuna njia safi, itoe kamera nje ya chumba, mita 2 nyuma ya ukuta, lenzi 35, alafu kwenye mipangilio ya kamera ongeza Clip Start mpaka ipite ukuta ule, iweke 2.3 kwa mfano. Kamera inaanza kuona baada ya ukuta, ukuta wa mbele sasa unachukua asilimia 57 ya picha, chumba kinasomeka kwa ukubwa wake, na ule ukuta uliorukwa bado unazuia mwanga kama kawaida kwa hiyo kivuli hakiharibiki. Muhimu mteja aone chumba atakachokaa.

Mahali pa kusimama pana kitu kingine, kimo. Kamera ikiwa imelala sawa bila kuinamishwa, mstari wa upeo wa macho unapita usawa wa kamera, na kila kitu chenye kimo hicho, kiwe karibu au mbali, kinaangukia kwenye mstari huo. Weka mita 1.6, mtu aliyesimama. Kwa viwanja vya tambarare hapo umemaliza, ila sisi wa nyanda za juu tunajenga kwenye miteremko, nyumba iko juu ya barabara au chini yake, kwa hiyo hizo 1.6 lazima uhesabu kutoka pale mtu atakaposimama, barabarani, usihesabu kutoka sakafu ya nyumba.

Hapo ndo bati linapopotea. Fishabodi, yaani ule ubao wa ukingo wa paa, iko mita 4 juu ya barabara, jicho lako liko 1.6, tofauti ni 2.4. Bati lenye mteremko wa digrii 20 utaanza kuliona tu ukisimama zaidi ya mita 6.6 kutoka kwenye fishabodi, unapata kwa kugawa tofauti kwa 0.364, ambayo ni tanjenti ya digrii 20. Sasa nyumba ipandishe, sakafu iko mita 3 juu ya barabara, fishabodi imefika mita 6, tofauti 4.4, unahitaji mita 12 na kitu, na mtaani huko nyuma mita 12 mara nyingi ni ndani ya ukuta wa jirani. Maana yake nyumba hiyo kwa mpita njia itaonekana haina paa. Hilo ni taarifa ya kweli, mpe mteja mapema, maana yuko anayelipia bati la rangi ya gharama kwa ajili ya muonekano wa mbele, na yuko anayetaka paa la kuficha wakati kwa kiwanja chake paa la kawaida tayari limejificha, tena kwa mvua za huku, paa lisilo na mfereji wa ndani ni amani kubwa zaidi.

Kwa nyumba iliyo juu hivyo watu wanainamisha kamera iangalie juu, na hapo kuta zinaanza kulaliana kwa ndani. Sababu ni ileile ya kugawa kwa umbali, ukiinua kamera sehemu ya juu ya ukuta inakuwa mbali zaidi kwa kipimo cha kamera kuliko ya chini. Dawa ni kuiacha kamera imelala, mzunguko wa X uwe 90 kamili, alafu utumie Shift Y kwenye mipangilio ya lenzi kupandisha picha bila kugeuza kamera, kuta zinabaki wima. SketchUp ina Two-Point Perspective kwenye menyu ya Camera inafanya hiyohiyo, ila ukizungusha tu inatoka, kwa hiyo hifadhi Scene kwanza.

Mwisho ni vitu kupotea au kukatikakatika. Kila mtazamo una umbali wa kuanzia kuona na wa kuishia, dirisha la kazi la Blender linaishia mita 1000, ule mlima wako wa kilometa 4 hutauona mpaka uongeze End kwenye paneli ya N. Ukiongeza End ongeza na Start, iwe 0.1 au hata 1, la sivyo nyuso zilizokaribiana kama tailizi juu ya zege zitaanza kumetameta zikigombania nani yuko mbele, kwa sababu usahihi wa kompyuta umejazwa karibu na Start na huko mbali kumebaki kidogo.

Lakini kukatika kwingine hakuna uhusiano na hizo namba, na kwa Tanzania kunatupata vibaya. Umepewa faili na mtu wa upimaji, imeshapimwa kwa UTM, yaani mfumo wa kutaja mahali kwa mita, kanda ya 36 kusini, Mbeya na Iringa zote zimo humo. Kwa Mbeya mjini namba ya kwenda kaskazini ni kama 9,015,000 na ya kwenda mashariki kama 549,000. AutoCAD, ile programu ya kuchorea ramani, inaifungua vizuri kwa sababu inahifadhi namba kwa biti 64. Ukiiingiza Blender ilivyo, Blender inahifadhi nukta za modeli kwa namba za biti 32, na namba ya aina hiyo ikishavuka 8,388,608 haiwezi tena kubeba sehemu ya mita, inaruka mita moja moja. Kwenda mashariki, ikishavuka 524,288, inaruka sentimita 6.25. Kwa hiyo ukuta wa sentimita 15 unaokwenda mashariki magharibi ama unapotea ama unakuwa mita nzima, ule mwingine unameguka, na kamera ukiisogeza inarukaruka. Na nchi yetu yote bara, kutoka Kagera mpaka Ruvuma, iko juu ya ile milioni nane na ushee, hakuna aliyepona. SketchUp nayo modeli ikiwa mbali na sifuri inakatakata picha.

Utalaumu kamera siku nzima na kamera haina hatia. Kabla ya kuingiza faili, ukiwa bado AutoCAD, hamisha kila kitu kwa kutoa 549,000 upande wa mashariki na 9,015,000 upande wa kaskazini, au namba nzima yoyote iliyo karibu na kona ya kiwanja chako, nyumba ije ikae karibu na sifuri. Hizo namba mbili ziandike kwenye jina la faili lenyewe, kwa sababu mpimaji akirudi na bikoni zilizorekebishwa utatakiwa kutoa zilezile, na ukitoa nyingine nyumba na mpaka wa kiwanja havitakutana.